Dozi Moja, Wagonjwa Wawili

Jua limeshapanda, Agata bado amelala. Mama Yakain, mama mkwe wake, anageuza kikaangoni chapati ya sago, unga unaokamuliwa kwenye shina la mti.

"We mtu wa milimani, utaamka lini? Sago haijisafishi!"

"Mama, miguu haitaki."

"Malaria tumeugua wote. Dawa tumemeza ileile. Mbona mimi nimeinuka?"

Ni kweli. Siku walipokwenda zahanati, hapa kwetu mtoni Sepiki, ilibaki dozi moja tu. Tangu uhuru tunaahidiwa rafu iliyojaa dawa. Tangu uhuru tunaonyeshwa vumbi. Dozi akapewa Agata. Nyumbani akafanya tulivyolelewa sote: kitu kimoja, watu wawili, gawaneni.

Mchana Agata alianza kupayuka. Hakumtambua hata mumewe, Sailas. Sailas akampakia mtumbwini pamoja na Mama Yakain, wakapiga kasia hadi kituo kikubwa cha afya. Nesi Hilda alimpima, akamchoma sindano.

"Dawa aliiacha?"

"Hakuiacha. Tuligawana," Mama Yakain alijibu kwa fahari.

Hilda aliketi. Uso wake ulionyesha uchovu.

"Mama, mbu wa hapa wanakuuma tangu unanyonya. Mwili wako umeshaijua malaria. Umetengeneza kingamwili, yaani askari wa ndani ya damu. Dawa inapiga, nao wanapiga. Ndiyo maana hata nusu dozi ilikuinua. Agata amekulia kwenye baridi ya milimani, hakuna mbu wa malaria. Askari hao hana. Watoto wadogo nao bado hawanao wa kutosha."

"Basi mimi nimepona."

"Umeinuka tu. Vijidudu huenda vimebaki. Nawe utameza dozi nzima."

Mama Yakain akainamisha kichwa. "Nimekula uhai wa mkamwana wangu, nikamwita mvivu."

"Hamkujua. Wanaotuachia rafu tupu wanajua, na wanalala usingizi. Lakini dawa si samaki, Mama. Haigawanywi."

Agata alipata fahamu. Alipoweza kumeza, akapewa vidonge vyake, wakarudi nyumbani, Mama akimsimamia kila kidonge. Kabla havijaisha, shemeji mmoja wa Agata akaja anatetemeka kwa homa.

"Mama, nimegee viwili tu."

"Sago nitakupa. Samaki nitakupa. Hivi hapana. Twende kituoni ukapimwe, upewe vyako."

"Na wakisema vimekwisha?"

"Tutakaa mlangoni kwao mpaka viletwe. Waite na wengine."

Mitumbwi ikajaa. Wa kwanza kupiga kasia alikuwa Agata.