Mwisho Ambao Chuma Hakuuona

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chuma aliokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na mabaki ya vitambaa yaliyosukumwa chini ya meza. Chuma alifunga sumaku kwenye uzi, akaiburuta sakafuni kama mtu anayetembeza mbwa mvivu, na pini zilizodondoka jana zikaifuata moja moja. Ikishajaa, alizikung'uta ndani ya kikopo.

Chuma halikuwa jina lake la shule. Alipewa akiwa na miaka saba, siku sindano ya cherehani ilipomtoboa kidole, naye akakitazama tu bila kutoa chozi. Habari zikaenea mtaa mzima kwamba binti wa fundi ni chuma. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kumwona akiogopa kitu. Lakini jina zuri nalo ni mzigo. Ukishatwishwa, huwezi kulitua hata siku mgongo unapouma.

Mgongo wa Chuma ulianza kuuma siku ya filamu. Mwalimu wao wa sanaa alikuwa mgeni pale shuleni, na alimwomba mwalimu mkuu mara tatu kabla ya kukubaliwa kutumia projekta. Alitaka wanafunzi wa darasa la sita wajifunze kuchambua filamu: waseme waliona nini, walisikia nini, na mtengenezaji alitaka kuwaambia nini. Akafunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, akawaonyesha filamu ya sikukuu iliyochezwa na vikaragosi vya udongo na kitambaa. Aliwaeleza kwamba kila kikaragosi kilisogezwa kidogo sana, kikapigwa picha, kikasogezwa tena, kikapigwa picha nyingine, mpaka kikaonekana kinatembea chenyewe. Kikaragosi kupanda ngazi tu kunaweza kumchukua fundi siku nzima.

Ilikuwa filamu ya sikukuu, lakini giza lake lilikuwa la makaburini. Kulikuwa na mji wenye nyumba zilizoinama. Kila mkesha wa sikukuu, bibi mrefu mwembamba, uso mweupe kama chaki, nguo ya mahameli nyeusi inayoburuta chini, alishuka kutoka jumba lake la kilimani na mshumaa uliozimika mkononi. Alibisha mlango baada ya mlango, na kila mlango ulikomewa. Mtoto mmoja tu alimwonea huruma, akamwachia mlango wazi, ingawa upepo wa baridi ulikuwa ukiingia mpaka kitandani kwake. Bibi akaingia. Akaanza kupanda ngazi.

Ngazi ya kwanza ikalia. Ngazi ya pili ikalia. Kwenye ngazi ya tatu, Chuma alifumba macho.

Alikusudia kuyafumba kidogo tu, lakini macho yakishafumbwa kwa hofu huwa mazito kuyafumbua. Alisikia mlango ukifunguka. Akasikia kimya, kisha mtoto akipiga kelele kali. Halafu akasikia mkasi. Haukuwa mkasi wa haraka. Ulikuwa mrefu, wa taratibu, kwaaach, kwaaach, halafu kimya tena, halafu kengele. Alipofumbua macho, majina ya watengenezaji yalikuwa yakipita na taa za ukumbi zimewashwa.

Jirani yake wa dawati alikuwa mvulana mdogo kuliko wote darasani, na kwa udogo huo walimwita Pimbi. Pimbi hakujificha. Alisema mbele ya wote kwamba ngazi zilipoanza kulia yeye aliingiza kichwa ndani ya sweta mpaka mwisho. Darasa likacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Chuma.

Baadaye Pimbi alimnong'oneza, kwa sababu hakutaka kuchekwa mara ya pili. Alitaka kujua tu ilikuwaje mwishoni. Chuma angeweza kusema hajui, na mambo yangeishia hapo. Lakini atakuwaje Chuma, kisha awe hajui? Akakusanya kelele, mkasi na kimya, akavishona pamoja.

"Yule bibi alimkata mtoto kwa mkasi," alisema. "Mimi niliona yote."

Hakumwuliza mtu mwingine yeyote, maana kuuliza kungekuwa kukiri. Akaandika uchambuzi wa kurasa mbili, mwisho wake ni huohuo wa mkasi, akaukabidhi. Wenzake, kabla ya kuusoma, walimchagua yeye ndiye asome uchambuzi wake mbele ya wazazi siku ya Ijumaa, siku ya kufunga shule. Nani mwingine angefaa kuzungumzia filamu ya kutisha kama si Chuma?

Jumanne asubuhi, Chuma akiwa chini ya meza na sumaku yake, mama yake Pimbi aliingia. Alikuwa mwoka mikate. Kazi yake iliisha alfajiri, na alipitia hapo kupimwa gauni la Ijumaa kabla ya kwenda kulala. Akavaa gauni, akasimama juu ya kigoda mbele ya kioo, na mama yake Chuma akapiga magoti kuanza kukunja pindo.

"Lete pini, mwanangu," alisema mama, akinyoosha mkono bila kugeuka.

Chuma akatoka chini ya meza, akawa anampa pini moja moja.

Mwoka mikate hakuwa na furaha. Alisema mtoto wake amekataa kunyolewa. Jumamosi kinyozi alishika mkasi tu, Pimbi akaruka kutoka kwenye kiti, akakimbia mpaka nyumbani huku kitambaa cha kinyozi kikipepea shingoni, na mtaa mzima ukitazama. Hata kucha hakati. Alipombana sana, akasema kuna filamu walionyeshwa shuleni, ambamo bibi mmoja anamkatakata mtoto kwa mkasi usiku wa sikukuu.

"Dada, hivi ni mwalimu gani anaonyesha watoto vitu kama hivyo?" aliuliza. "Ukimaliza tu pindo hili, mimi naenda kwa mwalimu mkuu. Hiyo projekta ifungiwe kabatini, na huyo mwalimu ajieleze."

Mama yake Chuma alisema pole, hizo si habari ndogo, akaendelea kuchomeka pini. Chuma alimpenda yule mwalimu. Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kuwauliza wanafunzi wanaonaje jambo, kisha akanyamaza kusubiri jibu. Naye angeitwa ofisini kwa sababu ya kitu ambacho Chuma alikitunga mwenyewe.

Pindo lilikuwa limefika nusu. Chuma akaanza kutoa pini polepole. Akaangusha moja, akaitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama akamwuliza kama mikono yake imelala. Pindo likafika robo tatu. Mwoka mikate hakuweza kwenda popote akiwa amezungukwa na pini, lakini pini zikiisha angekwenda, na njia ya mwongo ni fupi. Mkononi mwa Chuma ilibaki pini moja.

"Lete," alisema mama.

Chuma hakuitoa. "Mama, si mwalimu," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kama si yake. "Ni mimi niliyemwambia Pimbi vile. Na mimi sikuona. Nilifumba macho."

Mama alikaa chini juu ya visigino vyake. Mwoka mikate akataka kugeuka, pini ikamchoma, akatulia. Chuma akawaeleza yote, ngazi, kelele, mkasi, kicheko chake kwa Pimbi na kurasa mbili alizoandika. Alipofika kwenye kicheko alianza kulia, yeye Chuma, mbele ya mteja.

Mama hakumkaripia papo hapo. Aliuliza swali ambalo fundi cherehani peke yake angeliuliza.

"Huo mkasi ulilia vipi?"

Akachukua mkasi wake mkubwa na kipande cha pamba, akakata. Ukalia kwa haraka, kacha kacha kacha. Chuma akatikisa kichwa. Mama akachakura chini ya meza, akatoa kipande cha mahameli, akakata taratibu. Kwaaach. Kwaaach.

"Ndiyo huo," alisema Chuma.

"Mwanangu, umezaliwa ukisikia mkasi, na hukuutambua? Huo unakata mahameli. Na mahameli alivaa nani?"

Chuma akafikiri. "Bibi mwenyewe."

"Basi alikuwa anakata nguo yake. Na mtoto alipiga kelele kabla ya mkasi au baada?"

"Kabla."

Mama akacheka kidogo. "Kwa fundi, kinachotangulia mkasi ni nini?"

Chuma akaitazama futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa mama yake. Mwoka mikate naye akaitazama, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alisema Pimbi wake ukimpima kwapani hupiga kelele mpaka majirani wanatoka, kwa kutekenywa tu.

"Lakini hayo ni makisio yangu," alisema mama, akichukua ile pini ya mwisho mkononi mwa Chuma. "Nami sitaki tumrekebishie mtu habari ya kubuni kwa makisio. Twende kwa mwenye filamu."

Mwoka mikate akabadili nguo, wakaenda shuleni wote watatu. Walimkuta mwalimu darasani, na Pimbi amekwisha kaa kwenye dawati lake, nywele zimesimama kila upande. Chuma hakungoja kusukumwa. Alimwamkia mwalimu, akamweleza yote kama alivyoyaeleza nyumbani. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa kurasa zake mbili. Pembeni palikuwa na mstari wa kalamu nyekundu.

"Nilipanga kukuita leo," alisema. "Mpaka kwenye ngazi ya tatu umeandika rangi kumi na moja. Nimezihesabu. Baada ya hapo hakuna rangi hata moja, ni sauti tupu. Nikajua msichana huyu alikuwepo kwa masikio tu."

Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Chuma kuliko hasira. Chuma akamgeukia Pimbi, akamwomba msamaha kwa uongo na kwa kicheko. Pimbi alimkodolea macho. Kilichomshangaza hakikuwa uongo.

"Kumbe na wewe uliogopa?" aliuliza.

"Niliogopa sana," alisema Chuma.

Mwalimu akawapeleka wote ukumbini, akaweka filamu kuanzia kwenye ngazi. Chuma na Pimbi walikaa katikati, mama huyu kulia na yule kushoto. Ngazi ikalia. Pimbi akaanza kuvuta sweta yake juu, na Chuma akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akitaka afumbe, yeye atamsimulia, safari hii atasimulia kinachoonekana tu. Pimbi akaiacha sweta. Wakatazama.

Bibi alifungua mlango. Mtoto alikuwa amejikunyata kitandani, akitetemeka kwa upepo ulioingia kupitia mlango alioacha wazi. Bibi akapiga magoti, akachomoa futi, akampima mabega, akampima kwapani, na mtoto akapiga kelele ya kutekenywa akibingirika kitandani. Kisha bibi akashika mkia wa nguo yake ya mahameli, akaukata taratibu, akamshonea mtoto koti. Mtoto naye akachukua ule mshumaa uliozimika, akauwasha kwenye taa yake, akaurudisha mikononi mwa bibi. Kengele ya sikukuu ikalia. Uso wa bibi haukuwa mweupe tena. Chini ya mwanga ulikuwa na rangi ya mkate uliotoka tanurini.

Kelele ya kwanza kusikika ukumbini ilikuwa kicheko cha Pimbi. Chuma naye akacheka na kulia kwa pamoja bila kujali nani anamwona. Mwoka mikate alikuwa akipangusa macho kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Alisema kwa mwalimu mkuu bado ataenda, lakini kuuliza kama na wazazi wanaweza kuonyeshwa.

Na walionyeshwa. Siku ya Ijumaa, baada ya filamu, Chuma alisimama mbele ya ukumbi uliojaa. Alikuwa ameuandika upya uchambuzi wake, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa fupi.

"Nilipotazama filamu hii mara ya kwanza, nilifumba macho kuanzia ngazi ya tatu hadi kengele."

Mkono ukainuka katikati ya darasa la sita, mkono wa kijana mkubwa kuliko wote. Ukafuata mwingine, na mwingine. Wakahesabiwa tisa. Chuma akaendelea kusoma, na safari hii rangi zilifika mpaka mwisho: weusi wa koti, wekundu wa mshumaa, manjano ya dirisha. Alisema mtengenezaji aliweka giza lile ili tujue waliokomea milango walikuwa wanakimbia nini, na kwamba walichokuwa wanakikimbia ni bibi mpweke mwenye mkasi mzuri.

Mwalimu alipanda jukwaani baada yake.

"Wanafunzi wangu, mtu aliyekaa siku nzima akisogeza kikaragosi ngazi baada ya ngazi hakufanya hivyo ili akuache gizani," alisema. "Kuogopa si kosa, na kufumba macho si kosa. Kosa ni kusimulia ulichokifumbia macho kana kwamba ulikiona, kwa maana kuna mtu atakuamini na kuanza kukimbia mkasi. Mchambuzi mwema, na mtu mwema, husema: hapa niliona, na hapa sikuona. Hilo Chuma amelifanya leo mbele yenu, na lilihitaji ujasiri kuliko kutazama filamu kumi."

Watu walipiga makofi. Pimbi, kichwa kimenyolewa vizuri mpaka kinang'aa, alipiga kwa muda mrefu kuliko wote.

Njiani kwenda nyumbani, Chuma alimwuliza mama yake kama bado anastahili jina lile, maana ukumbi mzima umeshajua kwamba anaogopa.

"Libebe tu," alisema mama. "Chuma huliwa na kutu kikifichwa. Chako kimetoka nje, kimekauka."

Kesho yake asubuhi Chuma alifunga sumaku kwenye uzi kama kawaida, akaingia chini ya meza kuokota pini. Moja ilimchoma kidole.

"Aii, mama, inauma," alisema, na mama akamletea kitambaa.