Mtani wa Baba Kasonde

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule kupandisha bendera na kuimbia chama tawala, Mwaba alifagia uwanja wa nyumba yao huko Kasungami, nje kidogo ya Lubumbashi. Baba yake, Kasonde, alizoea kumtania kwamba anafagia mpaka kuku wanateleza. Lakini tangu mgodi ulipomfukia pamoja na rafiki yake Kalenga, utani ule ulikwisha. Kalenga alifia humo. Kasonde alitolewa akiwa hai, akalazwa hospitali, na aliporudi watu wakasema amepona.

Hakuwa amepona hata kidogo. Usingizi ulimkimbia, na mlango ukibamizwa aliruka akitetemeka. Siku moja sufuria ilianguka, naye kwa hofu akamsukuma Chanda, mdogo wake Mwaba, mpaka ukutani, akapasuka kichwani. Chanda alilia, na baba akalia kuliko yeye. Kisha akafunga nguo zake katika kitenge.

"Minaenda kukaa Kasomeno, kule mbali, peke yangu," alisema. "Hapa nitaumiza batoto."

Mama alimsihi angoje mpaka Jumapili. Akamwonya Mwaba kwamba akiulizwa, aseme baba ana malaria.

Kesho yake Mwaba alimpeleka Chanda zahanati kufungwa jeraha. Muuguzi wa hapo alikuwa Mama Jeanne. Siku hizo serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu, na katika karatasi za serikali aliitwa Mumba, lakini wagonjwa walikuwa wameshalizoea lile la zamani. Alikuwa amesomea Ubelgiji namna ya kuwasaidia watu walioumizwa nafsi na mambo ya kutisha.

"Papa yenu iko namna gani?" aliuliza.

"Iko na malaria," Mwaba akajibu. Halafu akatazama jeraha la mdogo wake, akaeleza yote, hata lile furushi la nguo.

Mama Jeanne alimwita Kasonde, akafunga mlango, akamwomba asimulie. Kasonde aliangalia viatu vyake mpaka mwisho.

"Ule mama iko muzuri," alisema nyumbani. "Lakini mi niko mukubwa. Nitalia namna gani mbele ya mutoto wa batu?"

Mwingine angesema mgonjwa huyu ni mkaidi, basi aende zake. Mama Jeanne hakuwa hivyo, na hapo ndipo ninapompendea. Alifunga zahanati, akaja Kasungami kwa miguu, akakaa jikoni na mama na Mwaba.

"Kule nilisomea, mutu anaambia mugeni mambo yake yote, anapata nafuu," alisema. "Hapa pia dawa ni kusema. Lakini hapa nani anaweza kumusemesha papa, hata kama hataki?"

Mwaba alifikiri. "Mama Kapya," akasema.

Mama Kapya, mwuza samaki wakavu, alikuwa wa ukoo wa Samaki, na Kasonde wa ukoo wa Mamba. Koo hizo ni watani. Wazee huita utani huo bunungwe. Msibani mtani hukutania mbele ya wote, nawe huruhusiwi kukasirika wala kukataa kumjibu.

"Alikuya, nikamufukuza," mama alisema kwa aibu. "Bwana yangu iko mugonjwa, yeye anachekacheka! Bunungwe ni ya matanga."

"Na matanga ya Kalenga, Ba Kasonde alikuwa wapi?" Mama Jeanne akauliza.

"Hospitali."

Mama akashika kichwa. Mumewe hakuwahi kumlilia rafiki yake. Mwaba hakungoja kutumwa, alikimbia sokoni kumwita Mama Kapya.

Mama Kapya aliingia uwanjani, alipokuwa amekaa Kasonde, na kapu lake kichwani, sauti ikimtangulia. "Ee Mamba! Banasema unakimbilia Kasomeno. Unaogopa samaki?"

Kasonde alisita, lakini mtani hujibiwa. "Samaki namna yako, nani atakula? Mifupa tupu!"

"Basi tema mufupa ile iko mu koo yako. Kalenga alikuambia nini mule ndani?"

Mama Jeanne alitoka jikoni, akamsogelea Kasonde, akasema polepole, "Hapa uko inje, Ba Kasonde. Jua iko juu. Sema tu kadiri unaweza."

"Aliniita," Kasonde akasema. "Aliniita sana. Nilimujibu mpaka pumzi ikaisha. Aliendelea kuniita, nikanyamaza. Alikufa akijua nimemuacha."

Akalia kwa sauti. Mama Kapya aliketi chini, akalia naye kama msibani, kisha akafuta pua. "Mamba mujinga. Alikusikia mpaka pumzi ikakuishia. Hakukufa peke yake."

Hofu haikuisha siku hiyo. Wiki baada ya wiki Mama Jeanne na Mama Kapya walikuja, mmoja kwa maswali ya upole na mwingine kwa utani, na Kasonde alisimulia mara nyingi, kila mara akitetemeka kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mwaba aliona kwamba inahitaji ushujaa kurudi mahali pale kwa maneno tu, naye alimwonea baba yake fahari.

"Jeraha ya moyo ni ugonjwa, haiko aibu," Mama Jeanne alimwambia Mwaba. "Ukiificha, inaoza. Umuambie mutu anajua kusikiliza. Wewe ulisema kweli, njo maana tulipata njia."

Jumapili ile ya safari ilikuwa imepita zamani. Asubuhi moja Mwaba alikuta kitenge cha furushi kimefuliwa, kimeanikwa kwenye kamba. Baba alikuwa mlangoni akimtazama akifagia.

"Mwaba," akasema, "pole pole. Kuku banateleza."