Karatasi Tupu Iliyokuwa Nzito

Jambo lenyewe lilianza na karatasi isiyo na kitu. Bi Masjala, kama wote pale hospitalini walivyomwita karani wao wa majalada, alikuwa wiki ya tatu akiingiza faksi za zamani kwenye kompyuta ili hospitali nyingine ziweze kuzifungua. Fundi wa kompyuta alikuwa amemweleza kwamba mashine haichori weupe wa karatasi, inauhesabu tu. Inaandika "nyeupe elfu moja mia saba ishirini na nane", mstari umekwisha, inashuka wa pili. Ndiyo maana karatasi tupu hutoa faili jepesi kama unyoya.

Hii ilikuwa tupu, ukiacha muhuri na mstari mdogo wa juu wenye nambari ya mtumaji, na faili lake lilikuwa zito kuliko picha ya mbavu.

Aliipitisha tena. Likawa zito zaidi. Akafuta kioo cha skana, akaipitisha mara ya tatu, na hapo akasikia harufu ya nywele zilizolowa, kama mtu aliyetoka kuoga ameinama begani kwake.

Fundi alipokuja alicheka, akasema ni vumbi. Akalikuza faili mpaka weupe ukajaa kioo kizima cha kompyuta, akaacha kucheka. Nukta zilikuwa zimejipanga. Shingo, mabega, mwanamke amewapa mgongo. Katika faili la kwanza alikuwa mdogo kama punje. Katika la tatu alifika urefu wa kidole. Fundi akadhani kosa ni la mfumo ule wa kubana picha kwa kuhesabu weupe, akaligeuza faili liwe la aina nyingine. Lilipofunguka, mwanamke alikuwa amegeuza uso nusu.

"Zima," Bi Masjala alinong'ona.

"Nimeshazima."

Tangu siku ile, mchana kweupe, watu wakiwa wanapita koridoni na vikombe vyao vya chai, alianza kusikia nyuma ya makabati sauti ya mwanamke ikihesabu taratibu, nyeupe mia, nyeupe mia mbili, ikinyamaza akinyamaza, ikiendelea akishika kazi, ikimfuata ngazini, ikimsubiri mlangoni kwake, mpaka siku moja mezani binti yake akaacha kijiko akamuuliza ni nani yule anayehesabu chumbani.

Dada yake ndiye aliyempeleka kwa bibi mmoja aliyejulikana kwa kutoa majini. Bibi hakuwasha chochote. Aliomba karatasi, akainusa, kisha akaweka kidole kwenye muhuri, palipotiwa sahihi.

"Sahihi hii ya nani?"

Ilikuwa yake. Bi Masjala akajikuta analia na kusema jambo ambalo hata mumewe hakulijua. Miaka kumi na minane nyuma, mwezi wake wa kwanza kazini, faksi ile iliingia tupu kwa sababu aliyeituma aliiweka kifudifudi, maandishi upande usiosomwa. Kazi yake ilikuwa kuinua simu na kuuliza. Lakini ilikuwa saa ya chakula. Akagonga muhuri wa "imepokelewa" na kuifungia kwenye jalada. Baadaye alisikia kwamba hospitali ile ndogo ilikuwa ikiomba damu ya kumwokoa mwanamke aliyekuwa akijifungua, na walisubiri jibu mpaka jioni.

"Mnasema jini," bibi alisema. "Huyu ni mtu. Anangoja jibu lake."

Nambari ile ya juu iliwafikisha hospitalini kule, na jalada la kule likawafikisha kwa mama wa marehemu. Mlango ulifunguliwa na msichana wa miaka kumi na minane. Bi Masjala alipiga magoti sakafuni akasema yote, bila kujitetea.

Msichana alimtazama sana. "Kwa hiyo ulienda kula."

"Nilienda kula, mwanangu."

Yule mama mzee hakusema amesamehe. Aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akasema wataizika kando ya mwanawe. Jioni ile nyumba ya Bi Masjala ilikuwa kimya, na alilala kama mtoto.

Wiki mbili zikapita, akaja mke wa fundi, macho yamemvimba. Mumewe alikuwa amejiwekea nakala ya lile faili ili awaonyeshe wenzake. Sasa alikuwa siku ya nne amekaa akitazama ukuta mweupe, midomo inacheza, hali chakula, na akiguswa anasema, subiri, nitapoteza hesabu.

Wakakimbilia kwa bibi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakunyoosha mkono kuomba chochote.

"Yule wako alikuwa na mama, na mtoto, na kaburi," alimwambia Bi Masjala. "Nakala haina mtu wa kuombwa msamaha."

Kisha akamgeukia mke wa fundi, akateremsha sauti.

"Aliwatumia wangapi?"