Baba Aliyesafiri Bila Kutoka Nyumbani

Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua madirisha ya karakana, baba yake Chiriku alifungua redio. Karakana ilikuwa upande wa mbele wa nyumba yao. Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na sponji mpya, na ndani yake makochi ya watu yalikaa uchi, yamevuliwa vitambaa yakabaki mbao na springi. Baba alikuwa fundi makochi. Alifanya kazi akiwa amebana misumari midogo katikati ya midomo, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga kwa nyundo. Kwa hiyo asubuhi alisikiliza sana na kusema kidogo.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya wingi wa maneno. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa darasa la sita. Mdogo wake wa kiume, Bonge, alikuwa bado chekechea. Mama yao, ambaye alikuwa muuguzi, alikuwa ameenda mafunzoni katika mji mwingine kwa mwezi mzima. Siku ya kuondoka alimkabidhi baba nyumba na watoto, akaongeza agizo moja: "Tafadhali, usiwalishe chai na mkate mpaka nirudi."

Baba aliyachukua malezi kama kazi nyingine ya ufundi. Usichokijua, unajifunza kwa anayekijua. Ikatokea kwamba redioni kulikuwa na kipindi cha asubuhi cha kuwashauri akina baba. Mtangazaji wake alikuwa na sauti laini, kama mtu anayebembeleza paka ashuke juu ya kabati.

"Baba mwenzangu," alisema siku moja, "msifu mtoto wako. Lakini usiseme 'hongera' tupu. Taja jambo lenyewe alilolifanya."

Mchana ule, Chiriku alipoingia nyumbani, baba alimtazama kwa makini. "Nimependa ulivyofunga mlango," alisema. "Umeufunga wote." Kisha akamgeukia Bonge aliyekuwa anakula. "Na wewe, kijiko chako kinaenda mdomoni moja kwa moja. Hakipotei njia."

Siku iliyofuata ushauri ulikuwa juu ya muda bora: baba aache kila kitu, akae na mtoto wake. Baba akaweka nyundo chini, akavuta kiti kisicho na mto, akaketi mbele ya Chiriku na kukunja mikono. "Haya," alisema, "muda bora umeanza." Wakatazamana. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikosa. Mwishowe wote watatu waliangua kicheko, na Bonge alicheka kuliko wote ingawa hakujua kilichochekesha.

Basi hayo yote yalikuwa ya nyumbani, na Chiriku aliyafurahia. Tatizo lilianza ushauri ulipotoka nje.

Siku hiyo mtangazaji alisema, "Mpokee mtoto wako kwenye geti la shule. Na unapozungumza naye, shuka chini mpaka macho yenu yalingane." Huenda alikuwa akifikiria watoto wa umri wa Bonge. Baba hakufikiria hivyo. Saa ya kutoka shule alikuwa ameshasimama getini, vumbi la sponji likiwa kwenye nywele. Chiriku alipotokea pamoja na wenzake, baba akapiga magoti palepale kwenye changarawe. Chiriku alikuwa amechukua kimo cha mama yake, hivyo macho ya baba yakaishia kwenye kifungo cha shati la sare.

"Habari za masomo, binti yangu?" aliuliza.

Mvulana mmoja wa darasa lao, mtoto wa dereva wa lori, akauliza kwa sauti, "Baba yako anaomba msamaha? Kakukosea nini?"

Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakashikilia geti. Baba naye alicheka, akajipangusa magoti, akabeba mkoba wa Chiriku. Hakuona kwamba binti yake alikuwa anatembea ameinamisha kichwa.

Tangu siku hiyo Chiriku hakuwa na amani shuleni. Akipita ukumbini, mtoto wa dereva alipiga magoti mbele yake. "Habari za masomo, binti yangu?" Wengine wakaiga. Chiriku alijifanya hajali, lakini wakati wa mapumziko akaanza kubaki darasani.

Ndipo mwalimu wao wa darasa alipotangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na mkutano wa akina baba. Kila baba angeketi karibu na mtoto wake, na atakayependa angesema machache kuhusu malezi. Chiriku akamwona baba yake akilini, mbele ya darasa zima, amepiga magoti. Kipindi kilipokwisha alimfuata mwalimu mezani.

"Mwalimu, baba yangu hataweza kuja. Amesafiri."

"Amekwenda wapi?"

"Mbali. Kununua vitambaa vya makochi."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Na mama yako si yuko mafunzoni? Nyinyi mnakaa na nani?"

Hilo Chiriku hakuwa amelifikiria, ila akamkumbuka dada wa baba yake aliyekaa jirani nao. "Na shangazi," alisema haraka.

"Anawapikia?"

"Anatupikia, mwalimu."

Mwalimu alimtazama kidogo, akamruhusu aende. Chiriku alitoka darasani akijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alipita chekechea kumchukua Bonge, wakarudi nyumbani polepole, wakisimama kila mahali ambapo Bonge aliona kitu cha kuokota.

Walipofika, nyundo ilikuwa kimya. Baba alikuwa ameketi kwenye kochi alilokuwa akilitengeneza. Alikuwa amevaa koti lake la kuendea harusini, na miguuni pake kulikuwa na begi la safari.

"Baba, unakwenda wapi?" Chiriku aliuliza.

"Sijui," baba alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe uniambie. Mwalimu wako alipita hapa sasa hivi. Kanikuta napiga misumari, kashangaa sana. Anasema nimesafiri mbali kununua vitambaa. Nikaona si vizuri kumwangusha mwalimu, nikafungasha."

Chiriku alingoja kelele, lakini kelele hazikuja. Baba alikunja nne, akatazama ukutani kama abiria anayengoja gari.

"Basi mimi sipo," alisema. "Mkiwa na shida mwambieni shangazi."

"Shangazi hayupo, baba."

"Naye kasafiri? Familia hii haikai nyumbani."

Chiriku aliingia jikoni. Aliwasha jiko, akaosha mchele, akaubandika motoni huku macho yakimwasha, wala si kwa moshi. Bonge alikwenda kwa baba kuomba maji.

"Baba hayupo, mwanangu," baba alimwambia.

Bonge akamshika kidevu kwa mikono miwili. "Upo," alisema. "Ndevu hizi hapa."

Baba alishindwa kujizuia, akacheka. Lakini kutoka jikoni kilisikika kilio. Baba akavua koti, akaenda kumkuta Chiriku amesimama na mwiko mkononi, machozi yakimtiririka.

"Siku ile ulipopiga magoti getini, walinicheka," Chiriku alisema. "Mpaka leo wananicheka. Wanapiga magoti mbele yangu. Sikutaka uje Ijumaa."

Baba alipunguza moto, akaketi kwenye kigoda. Uso wake ulibadilika, utani wote ukaondoka. Chiriku aliona kwamba maneno yake yamemchoma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana, baba. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Kwa hiyo ukaona bora unisafirishe." Akasogeza kigoda karibu naye. "Hili la kuchekwa ni kosa langu, na ninakuomba radhi. Nilisikiliza redio, sikukutazama wewe. Lakini la uongo ni lako. Unajua mwalimu alikuja na nini? Alikuja na mkate na maziwa. Aliwaacha watoto wake mwenyewe, akaja huku mbio kuangalia kama nyinyi mna chakula. Alipojua nipo, alisimama pale mlangoni na maziwa yake mkononi, hajui aseme nini."

Chiriku alimwona mwalimu wake akilini amesimama vile, na hilo likamuuma kuliko kicheko chote cha getini.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Wewe unasemaje?"

"Nimwambie ukweli. Utakuja na mimi?"

"Nitakufikisha getini, nikiwa nimesimama wima. Ndani utaingia peke yako."

Asubuhi Chiriku aliingia ofisini kabla ya kengele. Alieleza yote: baba hakusafiri, shangazi hakuwapo, na yeye ndiye aliyeyatunga hayo kwa sababu ya aibu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jana nilikasirika," mwalimu alisema. "Siku nyingine mtoto akiniambia wazazi wake hawapo, nataka niweze kumwamini bila kusita. Ukinidanganya, unamharibia na yeye. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mchezo wa kukupigia magoti nitaukomesha mimi. Kuhusu Ijumaa, kiti cha baba yako kipo. Kumwalika ni juu yako."

Chiriku alimwalika baba jioni hiyohiyo. Baba aliuliza swali moja tu: "Nikipewa nafasi ya kusema, naweza kusimulia ya getini? Ukikataa, sitasema." Chiriku alifikiri muda mrefu, kisha akakubali.

Ijumaa akina baba walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusana na mbao. Baba aliposimama, aliongea kama mtu aliye karakanani kwake.

"Mimi ni mwanafunzi wa redio," alianza. "Niliambiwa nishuke mpaka macho yangu yalingane na ya mtoto. Mtaalamu hakuuliza mtoto ana urefu gani. Nikashuka, nikajikuta nazungumza na kifungo cha shati. Nikakiuliza habari za masomo. Hakikujibu."

Darasa zima lilicheka, na Chiriku akajikuta anacheka pia. Dereva wa lori akainua mkono kule nyuma. "Mimi nilijaribu ile ya muda bora," alisema. "Nilipoacha kila kitu, nikasinzia." Mwanawe akaficha uso kwenye dawati, na safari hii Chiriku alimwonea huruma.

"Ushauri wenyewe si mbaya," baba aliendelea vicheko vilipotulia. "Lakini hata kochi silikati kitambaa kabla ya kulipima. Nilimkatia binti yangu malezi bila kumpima. Sasa, kabla sijafanya nililolisikia, namuuliza mwenyewe. Ananijibu, tena kwa kirefu."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Bonge akiwa mabegani kwa baba, Chiriku alisema, "Nilidhani leo itakuwa aibu kubwa. Mbona haikuwa?"

"Kicheko hakidumu," baba alijibu. "Watu wanacheka, wanachoka, wanakwenda kula. Uongo ndio haukuachi. Ulisema nimesafiri, ukalazimika kutafuta vitambaa. Baada ya vitambaa ukatafuta mpishi. Ungeendelea hivyo ungeajiri kijiji kizima. Jambo likikuumiza, mwambie anayekuumiza, hata akiwa baba yako. Nitaumia kidogo, kisha nitarekebisha. Lakini usiponiambia, nitarekebisha nini?"

Chiriku alitafakari. "Basi bado kuna mtu mmoja," alisema.

"Nani?"

"Shangazi. Nilimtumia bila ruhusa yake."

Nyumba ya shangazi ilikuwa kwenye kona iliyofuata. Baba alipunguza mwendo. Chiriku akatangulia, akapanda ngazi mbili za mlangoni, akabisha hodi.