Salamu za Vaiafu

Jioni ile nilibeba betri ya redio hadi dukani kwa Tavita ikachajiwe. Ni mwendo mrefu juu ya mawe meusi ya volkano, na mgongo wangu ulikuwa umechoka tangu asubuhi kwa kumgeuza baba na kumwogesha.

"Dada Lagi, unambeba huyo kuliko mume," Tavita alinitania akiipokea betri. "Mwache hapa hadi Alhamisi."

"Kaa naye hata mwezi. Mwenzio nipumzike."

Serikali ya wazungu ilitupatia redio moja kwa kijiji kizima, ikawekwa kwetu kwa kuwa baba, mzee Leapai, ndiye msemaji wa kijiji. Kila mtangazaji wa mjini Apia alipotusalimia jioni, baba alimjibu kwa heshima zote. Kwetu Samoa salamu ya kijiji haiachwi bila jibu. Watu walimcheka mpaka wakazoea.

Nilirudi kengele ya sala ikilia. Kabla sijafika, nikasikia redio inaongea.

Nikasimama kwenye nguzo ya nyumba yetu isiyo na kuta. Baba, ambaye mwaka mzima hakuweza kuketi bila kushikwa, alikuwa ameketi wima mbele ya redio, usinga wa usemaji begani. Nyaya za betri zilining'inia tupu.

Kulikuwa na harufu... ya mawe ya moto.

"Vaiafu," sauti iliita polepole. "Tunawasalimu..." Ikawataja wazee wa Vaiafu mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuketi kwao barazani.

Vaiafu ndiko alikozaliwa baba. Volkano ilikifukia kijiji hicho kabla sijazaliwa, na waliokimbia wakafa mmoja mmoja ugenini. Tulibaki wawili tu, yeye na mimi.

Sauti ikanyamaza. Ikasubiri...

Nilimziba baba mdomo kwa kiganja.

"Usijibu," nilinong'ona. "Hao ni wafu, baba. Ukiwajibu umewakaribisha."

Midomo yake ilisogea chini ya kiganja changu. "Mwanangu, nimechoka kuwa wa mwisho."

Na mimi nilikuwa nimechoka. Sitaficha. Miaka mitatu ya kumlisha, kumfulia, kuamka kila anapokohoa. Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka naye.

Nikauondoa mkono.

Baba akajibu, jina kwa jina, kwa sauti ya kijana ambayo sikuwahi kuisikia. Alipomaliza alinishukuru, akajilaza. Hakuamka tena. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wangu hakupona.

Mchungaji aliniambia ni uzee tu. Huenda. Betri iko kwa Tavita mpaka leo, sijaifuata. Lakini kila kengele ya jioni ikilia, redio huanza. Majina ni yale yale, ila mwishoni sasa huongezwa Leapai.

Kisha husubiri...

Hakuna mtu mwingine wa Vaiafu duniani wa kuijibu.

Jana sauti ilikuwa ya baba. Haikutaja mzee yeyote.

"Lagi, mwanangu. Hujachoka?"

Nilijiziba mdomo kwa mkono ule ule. Naujua mkono huu. Hauwezi kuziba kwa muda mrefu.