Abiria wa Kiti Kisichokuwepo

Mashine ya kufundishia udereva ilikuwa na kiti kimoja tu. Kwa hiyo mwalimu alipomsikia baba yake akisema, "Funga mkanda, ndugu yangu, mbele kuna kona," aliacha kufuta ubao akamgeukia.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na abiria."

Mwalimu akacheka. Mzee aliendesha malori miaka thelathini, mpaka presha ya macho ikamnyang'anya leseni, na tangu hapo alikaa sebuleni kama mzigo uliokosa mwenyewe. Mwalimu, binti yake, ndiye aliyemleta darasani, kila siku saa kumi, wanafunzi wakishaondoka, akamkalisha mbele ya usukani, pedali tatu na skrini zilizomzunguka mpaka masikioni. Kiti kilitikisika kwenye mashimo, usukani ukawa mzito mlimani. Mzee alilia kwa furaha. Mtu anayepapasa ukuta kwenda chooni, akipewa kitu kikubwa kinachogeuka anapotaka yeye, utamlaumu?

"Humu naona, mwanangu," alisema. "Naona hadi majani."

Mwalimu alidhani ni maneno ya uzee, mpaka siku mzee aliposoma namba za gari lililokuwa mbali kwenye skrini, zote, bila kukosea. Badala ya kuogopa, akashangilia. Hapo ndipo alipokosea.

Wiki ya pili mkanda ulianza kulia mara mbili: ta, wa mzee, kisha ta, upande wenye sakafu tupu. Chumba kikanuka breki zilizoungua. Mzee akakataa chakula, akakataa kushuka, na mwalimu alipochomoa waya ukutani skrini hazikuzimika, barabara iliendelea kuja, na kwenye kioo cha pembeni, ambacho kilikuwa picha tu ya kwenye skrini, aliona bega la mtu aliyekaa karibu mno na baba yake, bega lililopanda na kushuka taratibu kama la mtu anayepumua usingizini, naye hakuthubutu kutazama kilichokuwa juu ya hilo bega.

Alikimbilia kwa mganga, akarudi naye. Mganga alikuwa mama mnene, akashuka kwenye pikipiki akilalamikia vumbi, akaingia darasani bado analalamika, akaweka kiganja upande ule mtupu, akakirudisha haraka. Hakulalamika tena.

"Alimpakia mwenyewe?" alinong'ona.

"Anasema alimwona kasimama barabarani peke yake, humo kwenye skrini. Baba hajawahi kumwacha mtu njiani."

"Na macho?"

"Alipompakia ndipo alipoanza kuona."

"Basi hiyo ndiyo nauli aliyolipwa. Abiria hasukumwi nje ya gari linalokwenda. Aulizwe anashukia wapi. Lakini wewe usimjibu kitu, sikia? Jibu niachie mimi."

Mwalimu akainama sikioni mwa mzee. "Baba, muulize anashukia wapi."

Mzee alitega sikio upande mtupu, akatabasamu. "Anasema amefika. Anashukia hapa hapa."

"Mshushe basi! Mshushe, baba, nakuomba!"

"Nyamaza wewe!" Mganga alimziba mdomo, lakini mzee alishavuta breki ya mkono.

Skrini zikazimika. Mzee akafungua mkanda, akashuka, akanyoosha mgongo, akamtazama binti yake machoni moja kwa moja kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na mwalimu akamrukia shingoni akilia na kucheka, akimwita baba, baba, huku mzee akimpigapiga mgongoni kwa adabu na mganga akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Sasa," mzee aliuliza kwa upole, "nyumbani kwetu ni wapi?"

Mwalimu alimwachia polepole. Nyuma ya mzee, kwenye spika ndogo chini ya usukani, mtu alikohoa.

"Mwanangu," ilisema sauti ya baba yake, "mbona kumekuwa giza? Nishike mkono."