Vikombe vya Mchanga

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Winfrida alishuka bondeni, akapanga foleni kwenye chemchemi, kisha akapanda mlima kurudi Newala na ndoo ya lita ishirini kichwani. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imeharibika tangu Machi, na bomba la mtaani lilitoa upepo tu. Siku za shule alifika darasani kipindi cha pili kimekwisha. Mwalimu Ambrosi alikuwa keshamwambia kwamba mtihani wa darasa la saba haumsubiri mchota maji.

Likizo ya Juni ilipoanza, mama yake alisema, "Shule ikifunguliwa, maji nitachota mimi."

Winfrida alimtazama. Mama alikuwa na miaka arobaini na sita. Tangu mitumba iruhusiwe, alikaa kwenye kigoda gulioni kutwa nzima akiuza mashati. Akisimama, magoti yalilia kama bawaba za mlango.

"Usinitazame hivyo," mama alisema. "Mlima huo nimeupanda na ndoo kichwani na wewe mgongoni. Tena mzito ulikuwa wewe."

Mpango wa kumrudishia mama nguvu ulitoka kwa muuguzi wa zahanati, Sista Emilia. Kila jioni mama achuchumae na kuinuka mara ishirini, ameshika vidumu viwili vyeusi vya oili vyenye mchanga.

"Misuli ya mtu wa makamo haijafa, Mama Winfrida. Imelala," alisema Sista. "Iamshe polepole. Anza na vikombe viwili kila kidumu, ongeza viwili kila Jumamosi. Vidumu vikijaa, ndoo utaiweza."

Siku za Jumamosi mama alikwenda gulioni mapema, kwa hiyo kazi ya kuongeza mchanga akapewa Winfrida. Akishaongeza, achore mstari wa mkaa ukutani.

Jumamosi ya kwanza aliongeza. Ya pili, rafiki yake Hamida alipita mbio. "Wini, tumepungua mmoja kwenye rede. Unakuja au unalea vidumu?"

Mchanga ulikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini tu, lakini miguu ya Winfrida ilikuwa imeshafika uwanjani. Alichora mstari, akakimbia. Na huko kwenye rede, mpira ukimpita masikioni, alijaza chupa mchanga mpaka shingoni. Mchanga wa mchezo haukumshinda.

Jumamosi ya tatu na ya nne alichora mistari tu.

"Unaona?" mama alisema jioni moja, akiinuka bila kuhema. "Uzito unaongezeka, mimi naona manyoya. Nguvu zinarudi."

Aliwatambia hata wenzake wa gulioni. Wakamwambia aende akacheze ngumi Dar es Salaam. Winfrida alicheka nao, lakini tangu hapo hakutulia. Alifagia palipofagiliwa. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

Jumapili ya mwisho wa likizo walishuka bondeni pamoja, mama akajaribu.

"Mama, tujaze nusu."

"Nusu ni ya wagonjwa. Nitwishe."

Kona ya kwanza mama alipanda akiimba. Ya pili aliacha kuimba. Ya tatu magoti yakaanza kutetemeka, akashika jiwe, na ndoo ikaanguka, ikabingirika mpaka chini. Mama alikaa kwenye vumbi, kiwiko kimechubuka.

"Basi," alisema taratibu. "Emilia kanidanganya. Nguvu zikiondoka zimeondoka. Kesho maji utachota wewe, mwanangu. Huo mtihani, Mungu anajua."

Winfrida angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini mama angerudi kwenye kigoda chake akiamini mwili wake umekwisha.

"Mama, Sista hakukudanganya. Nimekudanganya mimi. Vidumu vina vikombe vinne vinne. Mistari mitatu nilichora bure."

Mama aliitikia salamu ya wapita njia wawili, akangoja waende zao.

"Mitatu?"

"Mitatu. Nisamehe, mama."

"Ndiyo maana nikawa hodari hivyo." Hakucheka. "Ningeangukia upande ule wa korongo, leo ungekuwa unamfuata baba yako shambani Lupaso kumpa habari gani?"

Winfrida alilia. Kisha alishuka kuifuata ndoo.

Jioni hiyo walikwenda kwa Sista Emilia. Winfrida alimwamkia shikamoo, akaeleza yote mwenyewe. Sista akapanga upya: mama achote kwa ndoo ya lita kumi, safari mbili kila asubuhi, na mazoezi yaanzie kwenye vikombe vinne vya kweli. Kila Jumamosi Winfrida aongeze mchanga kabla mama hajatoka nyumbani.

Mwishoni mwa Agosti mama alipanda mlima na lita ishirini bila kupumzika. Winfrida hakumwona; saa hiyo alikuwa darasani, kipindi cha kwanza.

Sista Emilia alikuja kumpongeza mama, kisha akamgeukia binti. "Mwili hausomi mistari ya ukutani, Winfrida. Wenyewe unajua ulichobeba kweli, na mlimani utakisema. Na mtihani wako ni hivyo hivyo. Hautauliza daftari lako lina kurasa ngapi, utauliza ulichojifunza."

Winfrida alikumbuka hesabu kumi alizonakili kwa Hamida asubuhi ile. Aliomba ruhusa, akaingia ndani kuzifanya upya.